Kwa Nini Mama Alivikataa Vioo Virefu

Nilimwona mama yangu akitembea.

Najua, sentensi hiyo haina ajabu yoyote. Mama wa watu wanatembea kila siku na hakuna anayekaa chini kuandika habari zao mtandaoni.

Lakini mama yangu mimi alikuwa hajasimama kwa miguu yake kwa zaidi ya miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa kitandani nampeleka kitini, namtoa kitini nampeleka bafuni. Mgongo wangu ni shahidi mpaka leo.

Halafu sikumwona uso kwa uso. Nilimwona kwenye kioo cha skuta.

Mtaniambia natia chumvi. Sitii. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, na nitaanza na hivyo vioo, maana bila hivyo ningekuwa bado nimekwama kule kule.

Mimi ni fundi wa cherehani. Msielewe vibaya, sishoni nguo. Natengeneza mashine zenyewe. Sindano inavunjika ovyo, uzi unakatika, pedali inalia, naitwa mimi. Nazunguka mtaa kwa mtaa kwa washonaji na sanduku langu la vifaa, na nina mazoea yangu ya kazi: mashine yoyote nikiletewa, kwanza nainamisha kichwa juu yake, nafumba macho, nasikiliza. Mashine ikiwa na tatizo haifichi, inalisema yenyewe.

Chombo changu cha kuzungukia kilikuwa skuta ya mama.

Ni skuta ya zamani, karibu tuko rika moja. Hapo mwanzo ilikuwa rangi ya krimu, sasa hivi hata yenyewe haijui ina rangi gani. Mama alikuwa mkunga, na aliiendesha miaka zaidi ya ishirini akienda kuzalisha wanawake wa watu, begi lake kalifunga nyuma kwa mpira. Vioo vya pembeni ilikuwa navyo zamani, vikavunjika, na hakujisumbua kununua vingine.

"Ninaowafuata wako mbele," alikuwa akisema.

Alistaafu, skuta ikafunikwa turubai nyuma ya nyumba. Kisha mwaka mmoja akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, akarudi nyumbani na kiti cha magurudumu.

Mimi nilirudi kwake miezi minne baadaye. Tusidanganyane, sikurudi kwa sababu ya wema wangu. Mume wangu alikuwa amenipa talaka na kubadilisha kitasa siku hiyo hiyo. Nilishuka kwenye basi na begi moja, nikaingia chumba changu cha usichana, nikalala nimegeukia ukuta.

Aliyefurahi kuliko wote ni kaka yangu.

"Afadhali sasa mama ana mtu," akaniambia kwenye simu. Tangu siku hiyo yeye akawa wa kuuliza hali tu.

Basi nikawa nesi. Asubuhi namwamsha, namwogesha, namvisha, namkalisha kitini karibu na dirisha la sebuleni, namfunika shuka magotini. Saa mbili naondoka. Jirani yetu, tunamwita Mama Mapacha, anampitia mchana. Saa kumi na moja nimerudi, naanza upya kuanzia mwisho.

Siku za kliniki mama alikuwa anakataa katakata niende naye. "Wewe nenda kazini, Mama Mapacha atanisukuma." Wakirudi namuuliza daktari kasema nini, na jibu lilikuwa lile lile.

"Anasema tuvute subira."

Nikavuta. Sikwenda harusi wala msiba nje ya mtaa. Sikulala nje ya nyumba ile hata mara moja. Kuna siku nilisimama jikoni nikahesabu hatua kutoka jiko hadi kitanda cha mama, zikawa kumi na tisa, nikafikiri kwamba labda hizi ndizo zilizobaki katika maisha yangu.

Kila Jumamosi nilikuwa natia mafuta magurudumu ya kiti chake. Mafuta ya cherehani, yale mepesi. Nikipitisha kitambaa kukagua, kinatoka cheupe, safi, na mimi najisifu moyoni kwamba mafuta ninayonunua ni mazuri. Kumbukeni hicho kitambaa.

Sasa, mwaka wa kwanza ukiwa unaisha ilikuja barua. Kiwanda kimoja cha kushona sare, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, kilikuwa kinatafuta fundi mkuu. Cherehani arobaini chini ya mkono wangu, karakana yangu, vijana wa kuwafundisha kazi. Mshonaji mmoja ndiye aliyewatajia jina langu.

Nilijibu kwamba nashukuru lakini mama yangu hatembei. Sikumwambia mama. Ningemwambiaje bila kumfanya ajione mzigo?

Mwaka uliofuata wakaandika tena. Fundi waliyempata amewashinda, wananitaka mimi, na wanaomba jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Barua nikaikunja, nikaificha chini ya sanduku la vifaa, chini ya boksi la sindano.

Ilikuwa ndani ya mwezi huo huo askari wa barabarani aliponisimamisha.

"Vioo viko wapi?"

"Haina, afande."

"Sasa unajuaje kilicho nyuma yako?"

"Nageuza shingo."

Alinitazama, akaitazama skuta, akaniandikia karatasi. Wiki mbili. Nisipoipeleka kukaguliwa ikiwa na vioo viwili, skuta inalala kwao. Na bila skuta mimi si fundi tena, ni mtu tu mwenye sanduku zito.

Nikaenda kwa Bwana Spea. Huyu ana duka la vipuri lenye upana wa mlango, na kila kitu ndani yake kinaning'inia. Alinipangia juu ya meza jozi tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya vioo vidogo vya mviringo, vinang'aa, vikono vifupi. Vizuri mno, nilivipenda papo hapo.

"Hivi ni vya kupigia picha," akasema. "Utaona mabega yako tu. Na injini ikinguruma vinatetemeka, hata mabega utayaona manne."

Ya pili ilikuwa ya mraba, plastiki nyeusi, kioo bapa. Kinaonyesha umbali wa kweli lakini eneo lake ni dogo, upande mmoja wa barabara tu.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na sura mbaya. Vioo vipana, vimebinuka kidogo katikati, vikono virefu vinachomoza huku na huku.

"Hivi ndivyo," akasema Bwana Spea. "Unaona ukuta hadi ukuta. Ila kuwa makini, kitu kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Na kingine: vioo si vya kuchungulia watu. Wewe ukimwona mtu humo, macho kwa macho, ujue na yeye anakuona."

"Nani atachungulia watu?"

"Nasema tu."

Aliniruhusu niende na jozi zote tatu nikajaribu, nisizozitaka nirudishe.

Jioni hiyo nilishangaa. Mama, ambaye hata redio alikuwa ameacha kuiwasha, alipoona vioo alichangamka kupita kiasi.

"Nisukume uani. Nisogeze hapo. Hebu panda."

Nikapanda. Nilivifunga vidogo kwanza.

"Umependeza," akasema. "Basi, hivyo hivyo."

"Mama, sioni kitu. Naona shingo yangu."

"Unataka kuona nini?"

Nikafunga vya mraba. Akavikodolea macho muda mrefu, akaniomba nimpe kimoja mkononi, akakielekeza kwenye geti, akakigeuza geuza. "Hapana. Vina sura ya ofisi."

Vile virefu hata hakuniacha nimalize kufunga.

"Toa. Masikio ya sungura hayo. Skuta yangu haivai vitu vya namna hiyo."

"Bwana Spea anasema ndivyo vinavyoona mbali."

"Bwana Spea ameizalisha skuta hii? Nimesema vidogo."

Skuta ni yake, nyumba ni yake, nami nilishazoea kutii. Vikabaki vidogo. Askari akapita, akavihesabu viwili, akaridhika.

Lakini kumbe Bwana Spea alisema kweli. Wiki nzima niliendesha nikijitazama mabega. Jumamosi hiyo lori la maji likanipita karibu mpaka likanikwaruza kiwiko, na sijui hata lilitokea wapi. Sanduku langu lilidondoka, bobini zikamwagika barabarani, nikaziokota moja moja.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja dukani nikabadilisha. Bwana Spea hakusema "nilikwambia", alinipa spana tu, na akaniwahi nilipotaka kukivunja cha kulia, maana aina hiyo upande wa kulia hufungwa kinyume. Fundi mzima nilitaka kujiaibisha.

Nilifika nyumbani nikaifunika skuta turubai kabla mama hajaiona. Miaka thelathini na miwili yangu, namficha mama yangu vioo.

Jumatatu asubuhi mambo yakaenda kama siku zote. Nikambeba, nikamwogesha, nikamvisha gauni la maua ya zambarau, nikamkalisha dirishani. Nikatoka. Vioo nikavikunja chini mama asivione dirishani, nikapiga kiki, nikasubiri injini itulie, nikatoka getini, ndipo nikavinyoosha.

Njia ya kutoka kwetu kwenda barabara kuu imenyooka. Nilikuwa nimeenda kama nyumba tatu hivi nikainua macho kwenye kioo cha kushoto, ili tu nione kama kimekaa sawa.

Getini kwetu alikuwa amesimama mwanamke mwenye gauni la maua ya zambarau.

Akasimama pale kidogo, mkono kwenye nguzo. Kisha akageuka, akarudi ndani. Kwa miguu. Bila gongo, bila kushika ukuta, nyonga ikiyumba kidogo upande mmoja.

Nilikaribia kuingia mtaroni.

Nikasimama kando. Nikajiambia ni kioo. Kimebinuka, kinadanganya umbali, Bwana Spea alisema. Ila hakusema kinadanganya miguu.

Nikageuza.

Nilimkuta kitini, dirishani, shuka magotini.

"Umesahau nini?"

"Koleo."

"Haya chukua uende, usichelewe kazini."

"Mbona unahema, mama?"

"Joto."

Ilikuwa saa mbili asubuhi na dirisha lilikuwa wazi.

Jumanne nikaamua kuhakikisha. Nilitoka getini, nikaenda hatua chache, nikasimama bila kuzima injini. Nikakiinamisha kioo kidogo. Nikangoja.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, akashuka ngazi mbili za mbele, akavuka uani mpaka getini, akashika nguzo, akatazama njia.

Kisha akatazama kioo.

Macho yetu yakakutana humo ndani. Alikuwa mdogo, wa kidole gumba, lakini nilimwona akiniona. Hakukimbia wala hakujificha, alisimama tu, mkono kwenye nguzo. Na mimi ningeweza kugeuza shingo, nimezoea kuigeuza. Badala yake nikaondoka.

Nilikimbia, niseme ukweli.

Siku hiyo kila kitu kilinirudia. Kopo la sukari lililokuwa linahama rafu. Ndala za mama zilizochakaa kisigino wakati hazikanyagi chini. Nilikuwa nimefungua cherehani ya mshonaji mmoja, nikapitisha kitambaa kwenye mhimili, kikatoka cheusi tii kama inavyotakiwa kwa mashine inayofanya kazi.

Hapo nikakumbuka magurudumu. Jumamosi zote zile, kitambaa cheupe. Mtoto anayeanza ufundi wiki ya kwanza angejua: mafuta yanayobaki safi yako kwenye kitu kisichozunguka. Mimi nikajisifia mafuta.

Nilikaa chini nikalia pale pale dukani kwa watu. Mshonaji akaniambia polepole, "Fundi, kama imeshindikana usijali, ni mashine tu."

Mnadhani jioni nilimkabili? Wala.

Nilirudi nikamkuta kitini. Alijua kwamba nimemwona. Nilijua kwamba anajua. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaingiza mikono kwapani mwake nikamwinua kumpeleka bafuni, akajiachia mwili wote kama siku zote, na mimi nikakokota.

"Leo mama ni mzito."

"Umri, mwanangu."

Jumatano ikawa vivyo hivyo. Nambeba mtu mzima anayeweza kutembea, naye anabebeka, na hakuna anayefungua mdomo. Sijawahi kubanwa na kitu kama nilivyobanwa na nyumba ile siku mbili hizo.

Hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Miaka miwili ya maisha yangu, kiwanda, karakana, mtu kaikalia juu ya kiti na shuka magotini. Usiniulize kwa nini sikusema. Nimejiuliza mwenyewe, na jibu nililopata linanitia aibu: nilikuwa naogopa. Ule ugonjwa ulikuwa unanikera, lakini ulikuwa pia umenipa ruhusa ya kutoamua lolote. Mama akiwa mzima, barua ile inabaki yangu peke yangu, na nikishindwa huko nitakuwa nimeshindwa mimi.

Alhamisi saa tisa nilirudi mapema. Ijumaa ilikuwa kesho yake. Nilifungua sanduku, nikatoa barua chini ya boksi la sindano, nikaiweka juu ya magoti ya mama.

Akatafuta miwani. Akaisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akarudi juu, mstari wa kwanza.

"Wanasema 'tunakuandikia tena'."

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba mama yangu hatembei."

Akavua miwani. Uso wake ulibadilika, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya uso isipokuwa ule. Alikuwa ameumia. Mimi ndiye niliyepaswa kuumia, lakini mama ndiye aliyekuwa anatazama ile karatasi midomo ikimcheza.

Kisha akasimama. Akalikunja shuka mara nne, akaliweka juu ya kiti, akaenda jikoni, akajimiminia maji, akanywa amesimama.

"Mwezi wa tatu mwaka jana," akasema akiwa kule kule. "Kumbe ulikuwa umeshapona?"

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Mama, mimi nilikuwa naumwa nini?"

Akarudi sebuleni, akakaa kwenye kochi, kochi ambalo nilikuwa sijamwona amekalia tangu nirudi.

"Mwezi wa pili baada ya wewe kuja nilikuwa natembea," akasema. "Tulifanya mazoezi na Mama Mapacha mchana, tukakuficha, nilitaka nikushtue. Nikaja mpaka mlangoni kwako kwa miguu yangu. Ilikuwa saa sita mchana. Umelala umegeukia ukuta. Siku ya tatu hiyo hujala, hujaoga. Nikakuita ukanyamaza. Nikakuita tena. Hukugeuka hata kunitazama."

Sikuwa nakumbuka. Kweli kabisa, siku zile sizikumbuki.

"Nikasema hapa nikimpa ushauri ataendelea kutazama ukuta. Nikarudi kwenye kiti, nikaita kwa sauti, 'Nisaidie maji, nimekwama.' Ukainuka. Ukaja na nywele zimesimama, ukanipa maji, ukaniuliza kama nimekula. Basi kesho yake nikaita tena."

"Na skuta?"

"Nilikwambia inaoza nje, itengeneze. Ukaitengeneza. Ukaanza kutoka."

"Kwa hiyo niliinuka. Mbona hukuacha?"

Hapo mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

"Ningeachaje na wewe kila asubuhi unalia?"

"Nani analia?"

"Usinifiche, nakuona dirishani. Kila asubuhi unawasha, halafu unauinamia usukani, umefumba macho, hata dakika tatu nzima. Miaka miwili. Nasema leo hataondoka, leo atanirudia kitandani. Ukiondoka ndiyo natoka getini nihakikishe kweli umekwenda. Unadhani vile vioo virefu nilivikatalia sura? Nilijua ukiniona nimesimama utaacha kuinuka."

Nilichukua muda kuelewa anasema nini.

"Mama," nikamwambia, "pale nilikuwa nasikiliza kabureta."

"Unasikiliza nini?"

"Kabureta. Haitulii asubuhi. Nasikiliza mpaka mlio unyooke. Ndivyo ninavyofanya na mashine zote."

Nikaona anarudi nyuma kichwani, asubuhi moja baada ya nyingine. Kisha bega likaanza kumtikisika, nikadhani ndiyo analia sasa, kumbe ni kicheko. Na mimi kikanishika. Tulicheka mpaka Mama Mapacha akaja kuchungulia dirishani. Alipomwona mama kwenye kochi aliweka mkono mdomoni, akaondoka kinyumenyume.

"Na mgongo wangu?" nikauliza baadaye, maana hasira ilikuwa bado ipo, haikuondoka na kicheko. "Ulikuwa unajiachia uzito wote kwa nini?"

"Mwanzo nilikuwa najitia wepesi. Nikaona usiku hulali, unageuka geuka. Nikajitia uzito ili uchoke."

"Ungeniuliza tu, mama."

"Nilikuuliza. Kila jioni nilikuuliza hujambo. Ulikuwa unasema sijambo, na macho yamevimba."

"Ni vumbi la barabarani. Na mimi nilikuuliza daktari kasema nini, ukaniambia subira."

"Basi," akasema.

Sitawadanganya kwamba nilimsamehe siku hiyo. Nililala bila kumuaga. Lakini Ijumaa asubuhi niliamka nikamkuta jikoni amesimama anachemsha chai, na nilipoketi mezani nikaletewa kikombe na mtu mwingine kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilipiga simu kiwandani kabla hakijapoa. Nikasema nakuja.

Wiki moja baadaye nilifunga begi. Nilikuwa nimepanga skuta ipakiwe juu ya basi, nikamwambia mama anisaidie kutafuta kamba.

"Kamba ya nini?"

"Ya kufungia skuta."

"Skuta ya nani? Wewe panda basi."

Nilidhani anatania. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga.

Nikapanda basi, kiti cha nyuma kabisa, sanduku la vifaa miguuni. Lilipoanza kutoka mjini nikasikia mlio ninaoujua kuliko sauti yangu mwenyewe. Kabureta ilikuwa haijanyooka vizuri, mtu hakuisubiri. Nikageuza shingo. Mama alikuwa nyuma yetu, mgongo wima, gauni la maua ya zambarau limekunjwa chini ya mapaja.

Vioo ni vile vile virefu. Hakuvitoa.

Kwenye mteremko akatupita. Abiria wakageuka kumtazama yule mama wa makamo anayelipita basi. Mimi nikabandika uso dirishani. Alikuwa ametangulia mbele kidogo, hakugeuka, hakupunga mkono. Lakini kwenye kioo cha kushoto niliyaona macho yake, madogo, yananitafuta dirisha kwa dirisha mpaka yakanipata.

Nikajua ananiona. Nikatabasamu ili aone na hilo pia, asije akafikiri nalia.

Nilikuwa nalia, sasa hivi nakubali. Jioni nilimpigia nikamwambia hivyo hivyo, kwamba safari hii haikuwa kabureta. Akasema asante kwa kuniambia.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unayembeba na umechoka, mwambie leo kwamba umechoka. Na kama wewe ndiye unayebebwa na miguu imepona, simama. Msingoje mpaka mmoja wenu anunue vioo.